Kibuyu Kisichonyoshewa Kidole

Siku nilipokwenda kuposa, nilikalia kibuyu cha mama mkwe wangu kikavunjika. Kilikuwa kwenye benchi, kimefunikwa leso, kikisubiri kuletwa mbele ya wazee na uji ndani yake. Mimi nilidhani ni mto. Sijui ni mto gani wenye shingo kama ya bata, lakini siku hiyo nilikuwa nimevaa suti ya kuazima na akili nilikuwa nimeziacha nyumbani. Mlio ulisikika hadi jikoni. Wazee wakakohoa, mjomba mmoja akaanza kukagua mabati, na uji ukaanza kupenya kwenye suruali isiyo yangu. Nilibaki nimekaa palepale, kwa kuwa niliona kuinuka ni kukiri kosa.

Mke nilipewa, nadhani kwa huruma. Lakini kibuyu kile hakikuwa chombo cha kununua sokoni ukakisahau. Mama mkwe alikirithi kwa mama yake, na uji wa siku yake ya kuolewa ulimiminwa humo. Majirani wote pale kilimani kwao walikuwa wamehamia jagi za plastiki zamani. Mbegu za aina ile, yenye shingo ndefu, alikuwa amebaki nazo yeye peke yake, ndani ya kopo.

Angenigombeza siku ile ningepumzika. Hakunigombeza, kwa sababu hakuwa anaongea nami. Kwao kuna kitu kinachoitwa nthoni, heshima iliyochanganyika na aibu, inayomkataza mwanamume kuzoeana na mama wa mkewe. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na neno likiwa la lazima hupitia kwa mtu wa tatu. Siku hizi wengi wameiacha. Wapo wakwe wanaotumiana vichekesho kwa simu. Yeye hakuiacha. Mimi nilizaliwa Machakos mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yangu, na watu wetu asili yao ni Pwani. Kwetu ukikaa kimya mbele ya mama mkwe utaulizwa unaumwa wapi. Mara ya kwanza kumwona nilimnyoshea mkono kwa bashasha. Akaniwekea sufuria kwenye ule mkono, akaenda zake. Nilisimama na sufuria ile muda mrefu nikidhani ni zawadi.

Tukaishi hivyo miaka minne. Kisha mwaka jana, mvua za Aprili zilipokuwa zimekolea, mama mkwe aliteguka kifundo cha mguu akitoka kanisani. Alikuwa ameshapanda mahindi, maharagwe na kunde, na magugu nayo yalikuwa yamejipanda bila kusubiri mtu. Shemeji yangu mmoja ana kibanda cha matunda pale Kyumbi na hawezi kukiacha. Wa pili alishikwa na mgongo ghafla aliposikia neno palizi. Mke wangu alinyimwa ruhusa kazini. Mimi nilikuwa na likizo ya wiki mbili, nami nilikuwa nimepanga kuimaliza kwenye kochi letu Syokimau, nimelala chali.

Mke wangu akaniambia jambo lililoniondoa kwenye kochi. Panya walikuwa wameingia kwenye kopo la mbegu. Zilibaki saba, mama yake akazipanda zote, na katika saba ulikuwa umeota mche mmoja tu, mahali fulani katikati ya kunde. Mche huo ukikatwa na jembe, kibuyu cha ukoo wao kimekwisha duniani. Kile ulichokalia, akaongeza, kana kwamba nimewahi kukalia vingi.

Basi nikapanda kilimani. Nililala kwenye nyumba ya shemeji mwenye mgongo, na chakula aliniletea jirani, mama mmoja wa haraka haraka aliyekuwa na shamba lake la kupalilia. Asubuhi ya kwanza ndiye aliyekuwa mtu wa tatu. Alisimama kati yetu dakika kumi, akanipa salamu za mama mkwe, akampa mama mkwe salamu zangu, akaondoka. Tukabaki mimi na jembe, na mama mkwe juu ya kigoda kando ya ukuta wa jikoni, mguu wake umewekwa juu ya debe. Katikati yetu alikuwepo mbuzi, amefungwa kwenye kigingi. Alikuwa amenunuliwa mdogo ili anenepeshwe hadi Krismasi. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na alikuwa na macho ya mtu anayesubiri ukosee.

Nikainua jembe.

"Wee mbuzi," mama mkwe akasema, "ambia huyo mgeni hiyo anataka kukata ni maharagwe."

Nikashusha jembe. Nikamtazama mbuzi, mbuzi akanitazama. Kwa adabu zote nilizofundishwa utotoni, nikamwomba mbuzi amfikishie mama shukrani zangu.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza mimea. Wengine husomea chuoni, mimi nilisomeshwa kupitia kwa mbuzi, naye hakuongeza wala kupunguza neno. Nilimuuliza mbuzi maharagwe yanajulikanaje, akajibiwa kwamba majani ya maharagwe huja matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, na yakipita kiganjani hukwaruza kidogo. Kunde nazo huja tatu tatu, ila jani lake ni laini na linang'aa, limechongoka zaidi. Kishonanguo kina shina lenye pembe nne, ulizungushe vidoleni utazihesabu. Mmea ukiuvunja ukatoa maziwa, osha mikono kabla ya kugusa jicho, halafu ndipo uulize jina. Na mbuzi aniambie pia niache kushika kila kitu kama mtu anayechagua nyanya.

Kipimo kimoja alichonipa mbuzi kilikuwa cha kweli kabisa na hakina faida yoyote. Gugu ukilivuta hung'ang'ana, lakini mmea uliopandwa hutoka kwa urahisi. Kwa kipimo hicho niligundua, kila mara baada ya kung'oa, kwamba nilichong'oa kilikuwa kunde. Siku ya pili pekee nilizing'oa kumi na moja. Nikazirudisha ardhini harakaharaka, nikazigandamiza kwa kisigino na kupiga mluzi. Ilipofika saa sita zote zilikuwa zimelala chini. Mama mkwe alizitazama, kisha akamuuliza mbuzi kama amewahi kuona kunde zinazolala mchana. Mbuzi akanyamaza, na mimi nikamuunga mkono.

Nikaamua kumtegemea mtaalamu mwingine. Kwenye simu yangu kulikuwa na programu ambayo ukipiga picha ya jani hukupa jina lake. Nilipiga picha ya kunde, ikaniambia ni ua la mapambo la nchi za baridi na linahitaji kivuli. Nikapiga picha ya gugu la kishonanguo, ikaniomba nisogee karibu. Nikasogea, mbuzi akaingiza sikio mbele ya kamera, na simu ikasema kwa uhakika mkubwa kwamba ni jani lenye manyoya na lisimwagiliwe maji mengi. Nilikosea kulisoma jibu hilo kwa sauti. Mama mkwe alimtuma mbuzi aniulize simu hiyo imewahi kulima wapi.

Sasa tukaja kwenye kibuyu. Kwa siku tatu nilikuwa natembea shambani kama mtu aliye kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala, kwa hofu ya kukanyaga mche nisioujua. Nikamwomba mbuzi amsihi mama anionyeshe tu uko wapi, yaani aunyoshee kidole. Mama mkwe alishtuka nusura mguu uanguke kutoka kwenye debe. Akamweleza mbuzi, polepole, kama anayeongea na mgeni wa dunia, kwamba kibuyu kichanga hakinyoshewi kidole. Ukikinyoshea kinaoza na kudondoka. Kama ni lazima, huonyeshwa kwa ngumi. Akakunja ngumi akaielekeza shambani. Shida ya ngumi ni kwamba haina ncha. Kutoka pale kigodani ngumi yake ilikuwa inaonyesha nusu ekari, pamoja na sehemu ya shamba la jirani.

Kwa hiyo nikabaki na maelezo tu. Jani ni pana, mviringo, limejaa vinyweleo. Ukilipangusa linatoa harufu ya kwapa la mtu aliyefanya kazi. Vile vidole vyake vya kujishikia vimegawanyika viwili viwili. Pale jani linapoungana na kikonyo kuna vipele viwili vidogo, kimoja huku kimoja huku, na hivyo malenge hayana, tango mwitu halina, ni kibuyu peke yake.

"Na ukitaka kujua zaidi," akamwambia mbuzi, "ambia yeye hiyo majani iko laini kama sikio yako."

Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Nilikwenda kwa mbuzi nikalishika sikio lake, nikalisugua nikiwa nimefumba macho ili nilikariri. Nikakimbia kwenye kunde nikashika jani. Nikasahau sikio, nikarudi. Jirani alipita na ndoo akanikuta mkono mmoja kwenye sikio la mbuzi na mwingine umeshika tawi, nimefumba macho, midomo inachezacheza. Baadaye nilisikia kilima chote kilikuwa kinamwombea mke wangu.

Siku ya tano nikaupata. Ulikuwa unatambaa kandokando ya mstari wa maharagwe, majani mapana kiasi, na tayari ulikuwa na kitunda kidogo cha kijani. Nililinganisha na sikio, vikalingana kabisa. Sikufikiria kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, mbuzi akalala kwenye tope, na tope likamkaukia hadi masikioni. Sikio lake siku hiyo lilikuwa kama gome la mti, na jani langu pia lilikuwa kama gome la mti. Mama mkwe akamuuliza mbuzi kama nimeviona vile vipele viwili. Nikachungulia. Mmea mzima ulikuwa umejaa vipele, vingine vinachoma. Nikajibu kwa furaha kwamba vipo, tena ni zaidi ya viwili.

Kutoka kigodani hakuweza kuona chini kwa sababu ya mahindi na kunde zilizositawi, kwa hiyo aliniamini. Nilimwona akifunga mikono kifuani na kutazama juu, midomo ikisema kitu ambacho hakikuwa cha mbuzi. Nami niliona fahari ambayo sijawahi kuiona ofisini. Niliujengea mmea ule uzio wa vijiti. Niliumwagilia maji ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Jioni niliupiga picha nikamtumia mke wangu nikimwambia kwamba deni la kibuyu nimelilipa.

Siku tisa nilizokuwa pale zilipotimia, palizi ilikuwa imebaki mistari minne. Asubuhi hiyo nikakuta mmea mwingine unanyemelea uzio wangu. Ulikuwa na majani makubwa laini, yananuka, na vidole vyake vya kujishikia vimekamata vijiti vyangu viwili viwili. Nikakasirika. Nimelinda kibuyu cha ukoo usiku na mchana, halafu gugu lisilo na haya lije likinyonge mbele ya macho yangu. Niliinua ncha yake juu ili mama mkwe ashuhudie ninavyoliadhibu, kisha nikainama kuliviringisha shina mkononi nilivute.

Mama mkwe aliliona lile jani.

"Wee mb..." alianza, na hapo akaishia, kwa sababu kwenye kigingi palikuwa na kipande cha kamba tu. Mbuzi alikuwa ameitafuna tangu alfajiri na wakati huo alikuwa kwenye sukuma wiki za jirani. Nilimwona mama mkwe akitazama kigingi. Akatafuta kuku, na kuku aliyekuwa karibu akaona anatazamwa sana, akatoroka. Akalitazama debe lililo chini ya mguu wake, nadhani akalifikiria kwa dhati, lakini lile lilikuwa debe. Mimi nilidhani ni mguu unamuuma. Nikampungia jembe kumtia moyo, nikakaza shina mkononi.

"Mwanangu, wacha. Hiyo ndio yenyewe."

Nikaachia. Nikageuka. Alikuwa amesimama kwa mguu wake mbovu, mkono umenyooka, na kidole chake cha shahada kimeelekezwa moja kwa moja kwenye kibuyu.

Kwa sekunde moja alikuwa amevunja miiko miwili aliyoishika maisha yake yote, na sote wawili tulilijua hilo. Polepole alikitazama kidole chake kana kwamba kimeletwa na mtu mwingine. Akakitia mdomoni akakiuma, kama wanavyofanya watoto wakisahau wakanyoshea. Kisha, meno yakiwa bado kwenye kidole, akanifanyia ishara ya kichwa nami nifanye hivyo. Sikujua ni kipi kati ya vyangu chenye hatia zaidi, nikaviuma vyote kumi. Vilikuwa na ladha ya udongo na mbuzi.

Jirani alimrudisha mbuzi baada ya robo saa, pamoja na maneno yake. Mama mkwe akamfunga mwenyewe, akakaa. Kisha akamwambia mbuzi aniambie kile nilichokijengea uzio ni tango mwitu, na ng'ombe akila anaharisha. Nilipalilia mistari minne iliyobaki bila kuuliza swali lingine.

Nilirudi Syokimau, na wiki kadhaa baadaye mke wangu akapigiwa simu na nyumbani. Kitunda cha kwanza cha kibuyu kilikuwa kimedondoka, hakijafika hata ukubwa wa yai. Mama yake hakunilaumu. Alisema ni kidole chake. Usiku huo sikula vizuri. Niliona aibu kwa sababu ya kitunda kile, na niliona aibu zaidi kwa sababu moyoni nilikuwa na furaha niliyoificha. Katika miaka minne nilikuwa nimeitwa mgeni, nimeitwa huyo, nimeitwa yule wa mjini. Mwanangu niliitwa mara moja tu, na ilionekana bei yake ilikuwa kibuyu.

Mmea ule ulitoa ua la pili. Sasa kila jioni nilikuwa namuuliza mke wangu habari za kibuyu kabla ya habari za watu. Juni kilikuwa kama ngumi. Julai kikaanza kutoa shingo. Kilikuwa kimepanda kwenye mti wa mbaazi na kinaning'inia vizuri, na ikaripotiwa kwamba mama hutoka kila asubuhi kukisalimia akiwa ameweka mikono mfukoni, ili kidole kisije kikamponyoka tena.

Tulipokwenda Krismasi, kibuyu kilikuwa kimekauka, kimekwanguliwa ndani, kimewekwa juu ya rafu jikoni. Nilionyeshwa umbo lake kutoka mlangoni. Nikaelekezwa benchi, na kabla ya kukaa nililipapasa kwa mikono yote miwili kutoka mwanzo hadi mwisho. Shemeji zangu walicheka hadi yule wa mgongo akasahau kuwa unamuuma.

Mbuzi naye alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa. Shemeji wa Kyumbi alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe, sufuria kubwa iko motoni, na watu walishaanza kugawana mbavu kwa maneno. Akaenda kwenye kigingi, akakuta mama yake ameshafika. Alikuwa anamfunga mbuzi kitu shingoni, fundo la kitambaa chekundu.

Shemeji akamwambia maji yameshachemka.

"Huyu hachinjwi," mama mkwe akasema. "Huyu ako na kazi."

Walibishana, nilisikia. Walimkumbusha kwamba mbuzi alinunuliwa kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Akawaambia wachinje kuku, kuku hawajui kuongea. Akamfungua mbuzi, akampiga kikofi kidogo mgongoni kumwelekeza kwangu, akarudi jikoni bila kunitazama.

Mbuzi alikuja kwa miguu yake, akichungulia kila bakuli njiani. Nilifungua lile fundo shingoni mwake. Ndani mlikuwa na mbegu saba za kibuyu, bapa, za rangi ya kahawia, zenye masikio mawili madogo kwenye ncha. Ningezitambua popote. Nilizishika muda mrefu, na machozi yakanilengalenga, nikasema ni moshi wa jikoni ingawa ulikuwa unaelekea upande wa pili.

"Ambia mama nashukuru," nikamwambia mbuzi.

Mbuzi alikuwa ameshaanza kutafuna kamba ya kiatu changu. Hakugeuka.

"Haya, mwanangu," sauti ikajibu kutoka jikoni.